Maana ya kadi ya RAID, na kazi ya betri yake

Kadi ya RAID ni bodi ndogo inayochomekwa ndani ya seva ili iziunganishe diski kadhaa na kuuonyesha mfumo endeshi kana kwamba ni diski moja. Jina hilo, kifupi cha Kiingereza cha Redundant Array of Inexpensive Disks, lilitokana na makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliotetea matumizi ya diski nyingi za bei nafuu badala ya moja kubwa ya gharama, mradi data ipangwe kwa namna ambayo diski moja ikifa haipotei. Katika RAID 5, mojawapo ya mipangilio hiyo, kwa mfano, diski 4 za terabaiti 4 hutoa nafasi ya terabaiti 12, kwa kuwa nafasi iliyobaki hubeba pariti, yaani hesabu ya ziada ambayo kadi huitumia kukokotoa upya kilichokuwa kwenye diski iliyokufa.

Hesabu hiyo inaweza kufanywa na prosesa ya seva yenyewe, na mara nyingi hufanywa vizuri tu. Kinachoipa kadi thamani yake, kwa maoni yangu, ni kache, yaani kumbukumbu ya haraka ya muda iliyo kwenye kadi yenyewe. Mfumo endeshi unapotuma data, kadi huipokea kwenye kache na kujibu papo hapo kwamba imekwisha kuandikwa, ilhali bado haijafika kwenye diski. Kasi hutoka hapo, na hatari nayo imo humo humo: umeme ukikatika katika muda huo mfupi, hupotea data ambayo hifadhidata inaamini iko salama. Ndiyo maana kadi huwekewa betri ya kuilinda kache hadi umeme urudi, au kapasita yenye chaji ya kutosha kuyahamishia yaliyomo kwenye kumbukumbu ya flashi, ambako hayahitaji umeme tena.

Kabla ya kuifunga kadi ndani ya seva, seva huzimwa na nyaya zote za umeme huchomolewa, zikiwemo za pawasaplai ya pili ikiwa ipo, na fundi huvaa mkanda wa mkononi wa kuondoa umemetuli. Isomwe michoro ya bodi mama, kwa sababu kuna nafasi za PCIe, yaani za kuchomekea kadi, ambazo kwa urefu zinaipokea kadi ya njia 8 za data lakini ndani zimeunganishwa njia 4 tu. Kadi hushikwa kingoni na kusukumwa sawasawa mpaka meno yake ya dhahabu yazame, kisha skrubu hukazwa. Kebo ya diski nayo husukumwa mpaka kishikizo chake kilie.

Katika matunzo, betri ndiyo husahauliwa zaidi. Ikishindwa kushika chaji, kadi nyingi huacha kujibu mapema na kusubiri kila data ifike kwenye diski kwanza. Hakuna kinachopotea, ila seva huwa nzito ghafla, na watu huhangaika na mtandao kutwa nzima kabla ya mtu kufungua kumbukumbu za matukio za kadi. Kulazimisha kache iendelee bila betri kunarudisha kasi, lakini sikushauri kabisa. Ukaguzi wa mara kwa mara wa diski zote nao usizimwe, kwani bila huo sehemu mbovu iliyojificha hugunduliwa kwa kuchelewa, wakati data ya diski iliyokufa inajengwa upya.

Diski inapokufa, iwashiwe taa ya utambulisho kupitia programu ya kadi kabla ya kuichomoa, maana katika RAID 5 kuchomoa diski iliyo salama kwa makosa huangusha mkusanyiko wote. Kadi yenyewe ikifa, data kwa kawaida bado ipo, kwa sababu maelezo ya mpangilio huandikwa pia kwenye diski. Kadi mpya ya aina ile ile itasema imekuta mpangilio wa kigeni, yaani ulioundwa na kadi nyingine: uamuzi sahihi ni kuuingiza, wala si kuufuta na kuunda mwingine.