Trei za mayai hazizuii besi

Vijana wengi wanaorekodi muziki kwenye bedsita (nyumba za chumba kimoja) za mitaa ya Nairobi kama Umoja, Kayole au Githurai hubandika trei za mayai ukutani, wakitumaini jirani hatasikia kitu. Jirani husikia. Besi, yaani ile milio mizito ya chini, humfikia kama kwamba ukuta haujabandikwa chochote.

Sauti ni mtetemo unaosafiri hewani. Spika huisukuma hewa na kuivuta, na msukumo huo huenda kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde joto likiwa nyuzi 20. Gawanya kasi hiyo kwa idadi ya mitetemo katika sekunde moja, yaani hezi, upate urefu wa wimbi. Mlio mkali wa hezi 10,000, kama ule wa matoazi, una wimbi la sentimita 3.4 tu. Besi ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita 7, refu kuliko bedsita yenyewe.

Trei ni karatasi nyepesi yenye kina cha sentimita chache. Hutawanya na kumeza kidogo milio ya juu, basi. Kuizuia sauti isitoke kunataka uzito: ukuta ukiwa mzito maradufu, sauti inayopenya hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na besi ndiyo sugu kuliko zote. Ndiyo maana matatu iliyofunga vioo hukufikia kwa besi kabla hujajua mwimbaji anasema nini. Tena karatasi hushika moto upesi, na nyaya za studio za nyumbani tunazijua zilivyo.

Kwangu mimi, jirani si tatizo kubwa. Kubwa ni chumba kumdanganya prodyuza. Kuta zinazotazamana zikiachana mita 3, wimbi la mita 6 huenda na kurudi kati yake likijiongezea nguvu. Hilo ni la hezi 57, palepale ilipo ngoma ya kiki, ile ngoma kubwa ya mdundo. Karibu na kuta litavuma. Katikati ya chumba litakaribia kupotea. Anayechanganya sauti akiwa ameketi katikati huona besi ni haba, anaongeza, kisha wimbo unapigwa kwenye matatu na kumfunika mwimbaji kabisa. Hakuna programu ya kompyuta inayoyaponya masikio yaliyokaa mahali pabaya.

Sogeza kiti kutoka katikati, kama thuluthi moja ya chumba kutoka ukuta wa mbele. Simamisha godoro nene kwenye kona, maana huko ndiko besi hurundikana. Halitaimaliza, ila litasaidia kuliko trei mia. Sauti ya mwimbaji irekodiwe mbele ya nguo zilizotundikwa au blanketi nzito. Kisha linganisha kwa hedifoni, kwa kuwa hazina chumba ndani yake.

Na kwa ajili ya jirani, anza na upenyo ulio chini ya mlango. Panapopita hewa, sauti nayo hupita.