Nani alipie TV ya chogo?

Tukienda mitaani kutoa elimu, swali halikosi: "TV yangu ya chogo imekufa, niipeleke wapi?" Mara nyingi jibu hupita lenyewe likisukuma mkokoteni. Kijana wa skrepa anainunua kwa bei ya soda, anavunja shingo ya kioo, anachomoa koili ya kopa na kuondoka. Kioo kinabaki jalalani, na risasi imo humo (metali, si ya bunduki): kilo nzima au zaidi kwa TV kubwa.

Sheria za kurudisha vifaa chakavu zinalenga kioo hicho kisicho na mnunuzi. Nchi nyingi zinakubali kwamba kukichakata kuna gharama. Zinatofautiana ni lini pesa itoke mfukoni. Japani, sheria ya 1998 iliyoanza kutumika 2001 inamtoza anayetupa TV, friji, kiyoyozi au mashine ya kufulia. Viwanda vyao ni vya kupigiwa mfano, lakini wapo wanaokwepa ada kwa kutupa vichakani. Uswisi ada imo tayari kwenye bei ya kifaa kipya, kwa hiyo kukirudisha ni bure, hata kwenye duka ambalo hukukinunua, mradi linauza vifaa vya aina hiyo. Umoja wa Ulaya nao unayabana maduka makubwa, yenye eneo la kuuzia vifaa vya umeme la mita za mraba 400 na kuendelea, yapokee simu, rimoti na vidude vingine visivyozidi sentimita 25 bila kumlazimisha mtu kununua chochote.

Kwetu naona njia ya Uswisi. Mtu aliyezoea kulipwa na kijana wa skrepa, utamwambiaje alipe yeye ili TV yake ichukuliwe?

Tanzania ina kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021. Kenya, kwa sheria yake ya taka ya 2022, imembebesha mzalishaji jukumu la bidhaa hadi mwisho wake. Kazi ipo kwenye mtumba. TV iliyoingia ikiwa imeshatumika miaka kumi ng'ambo, mzalishaji wake hata hajui kama iko Mbagala. Hapo wa kubanwa ni mwagizaji, tena bandarini, kabla mzigo haujasambaa.

Wewe mwenye chogo lako, usilivunje wala kuliacha nje. Uliza ofisi ya NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) ya kanda yako mkusanyaji mwenye kibali, na akija, mwambie akuoneshe hicho kibali kabla hajalibeba.