Kutembea nuruni maana yake nini

Ukikaa na walokole wa zamani, wale wa ushirika wa kila wiki, utawasikia wakiulizana: "Ndugu, unatembea nuruni?" Hawaulizi kama Jumapili ulikwenda kanisani. Wanauliza kama kuna jambo umelificha.

Msemo huu umetoka 1 Yohana 1:7, pale mtume anaposema kwamba tukienenda nuruni "twashirikiana sisi kwa sisi". Huku kwetu uliota mizizi kwa Uamsho wa Afrika Mashariki, wimbi la toba lililopita makanisani. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka michache baadaye moto wa uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, penye hospitali ya misheni, ukafika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waganda waliwaita watu hao balokole, yaani waliookoka, ndipo nasi tukapata neno mlokole.

Wengi wao walikuwa wamebatizwa tayari. Baadhi walikuwa walimu wa kanisa. Uamsho uliwapeleka kwa watu waliowakosea, wakiwa wamebeba vitu walivyoiba na fedha za madeni waliyokwisha kuyasahau. Hicho ndicho ninachokiona kuwa kiini cha Ukristo wa kweli, nacho ndicho tunachokiruka siku hizi. Tunatubu kwa machozi mbele ya Mungu, halafu tunapishana njiani na mtu tuliyemdhulumu, kimya.

Maandiko hayakuliacha jambo hili hewani. Hesabu 5:7 inamtaka mkosaji akiri, arudishe kitu kizima, kisha aongeze sehemu ya tano. Ukichukua shilingi 50,000 za mtu, unarudisha 60,000. Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi mara nne, yaani 200,000. Lakini angalia mpangilio wa habari ile katika Luka 19: Yesu alitangaza kwamba atashinda nyumbani mwake kabla Zakayo hajataja hata senti moja. Hakuwa ananunua msamaha. Alikuwa amepokelewa, na mkono uliokuwa umefumba ukafumbuka.

Nuru hii ina mipaka yake pia. Kuungama hadharani dhambi inayomvua nguo mtu mwingine, mke wako kwa mfano, ni kumuumiza mara ya pili. Kosa la watu wawili limalizwe na hao wawili. Wala si kazi yangu kuitangaza dhambi yako kwa jina la nuru. Huo ni umbea, hata ukiombewa.

Nilipokuwa mtoto huko uchagani, mzee mmoja wa ushirika alitoka alfajiri na jembe, akaanza kung'oa masale, mimea inayopandwa mpakani. Miaka ya nyuma aliyasogeza usiku, hatua mbili hivi, ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha jirani yake. Jirani alipotoka na kumkuta akiyapanda upya mahali pake pa zamani, alisimama tu akimtazama. Mzee akavua kofia, akachuma jani moja la sale, akalifunga fundo, akampa kwa mikono miwili, kama wazee wetu wanavyoomba radhi. Jirani akalipokea. Kisha akauliza, "Na kahawa uliyochuma hapa miaka yote hiyo?"

Mzee akasema, "Ndiyo nakwenda kuihesabu."