Vina na Mizani Havina Chama

Nimeletewa pendekezo jingine la utafiti hapa Nairobi, na kama ilivyo ada sura yake ya kwanza inadai kwamba ushairi wa Kiswahili ulianza kuwa wa kimapinduzi pale washairi walipotupa vina na mizani, kana kwamba tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ni kadi ya chama tawala. Nimechoka kuandika maoni yale yale pambizoni.

Anayeamini hivyo na amsome Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa. Mwaka 1968, akiwa mfuasi wa KPU, chama cha upinzani cha Oginga Odinga, aliandika waraka wa “Kenya: Twendapi?” wa kuikosoa serikali, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga kwa siri gerezani, akitumia karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, na yanafuata arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, kwa ukali ambao hata Kaluta Amri Abedi, mwandishi wa Sheria za Kutunga Mashairi, asingeulalamikia. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Arudhi haikumlinda wala haikumsaliti.

Wengine, wakishasikia hayo, hukimbilia upande wa pili na kutangaza kwamba vina ndivyo vya ukombozi. La hasha! Ngonjera, yaani mashairi ya majibizano, za Mtanzania Mathias Mnyampala zilizoeneza Azimio la Arusha, tamko la ujamaa la Tanzania, zina vina na mizani vilevile, nazo ziliimbwa kwa ajili ya dola. Naye Euphrase Kezilahabi, aliyeviacha vyote viwili katika diwani yake ya Kichomi, husaili zaidi kuliko anavyohamasisha.

Swali lenye maana ni nani aliyelisikia shairi, na alizoea kulifumbua vipi. Mombasa, tangu enzi za mshairi Muyaka aliyewatetea Wamazrui, watawala wa mji huo, dhidi ya Sultani Seyyid Said, watu walizoea kupigana kwa mafumbo yaliyopimwa mizani. Mfungwa aliyetunga hivyo alikuwa na hadhira iliyokwisha kufundwa, jambo ambalo mtunzi wa shairi huru wa wakati huo hakuwa nalo.

Hata hivyo, shairi la “Mamba” la Abdilatif, juu ya mamba mwenye kiburi mtoni, hunisumbua. Shairi lenyewe linakiri kuwa ni fumbo, lakini halimtaji mtu. Tunamtambua mamba kwa sababu tunajua nani alikuwa katika gereza la Kamiti na nani alikuwa Ikulu. Lau lingenifikia bila jina wala mwaka, sina hakika kwamba ningethubutu kuliita la kisiasa, na shaka hiyo sijaiona katika kitabu chochote cha kiada.