Namba ya drafti ni ya timu, si ya kijana: dhana potofu za sisi mashabiki wa kikapu

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 2025 sikulala. Drafti ya NBA, yaani usiku ambao timu za ligi kuu ya kikapu ya Marekani huchagua vijana wapya kwa zamu, ilianza Brooklyn saa mbili usiku, ambayo kwetu Mtwara ni saa tisa usiku, na mimi nilikuwa nimekaa barazani Chikongola na bando la kuungaunga, nasubiri timu yangu, Toronto Raptors, ifikiwe na zamu yake ya tisa. Nilimtaka Khaman Maluach. Kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, urefu mita 2.18, aliyecheza Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 17. Mtoto wa jirani kabisa. Jina lililosomwa likawa la Collin Murray-Boyles, kutoka Chuo Kikuu cha South Carolina. Zamu iliyofuata, ya kumi, akasomwa Maluach. Tumepishana naye kwa nafasi moja! Nilizima simu kabla ya adhana ya alfajiri na nilikuwa na hasira ya kweli.

Jioni yake nikakutana na mpwa wangu uwanjani. Nikamlalamikia. Akanijibu, "Afadhali walivyomwacha, mjomba. Warefu wa huku kwetu ndio walewale akina Hasheem. Wanapewa namba kubwa halafu wanatutia aibu."

Neno lile liliniuma kuliko drafti yenyewe. Ana miaka 16, anaruka vizuri, anacheza kila siku kwenye ringi isiyo na wavu iliyopinda kushoto, na tayari ameshaamini kwamba Hasheem Thabeet, mtu aliyetoka Dar es Salaam akafika NBA, ni aibu. Hakuzua yeye. Amelisikia vijiweni, na wa kulisema humo ni sisi wakubwa. Kwa hiyo naandika, nikianzia na mambo madogo.

Dhana: drafti ni usajili kama wa mpira wa miguu.

Kwanza wapo ambao ukiwatajia drafti wanafikiria ubao na kete chini ya mwembe, na hao ni haki yao, maana kwetu neno hilo lina mwenyewe tangu zamani. Lakini hata wanaofuatilia kikapu huniuliza, "Toronto walishindwa bei?" Hakuna bei. Namungo ya Ruangwa ikimtaka mchezaji wa klabu nyingine inakaa mezani, inazungumza na klabu na mchezaji, inalipa. Kwenye drafti ya NBA timu 30 zinachagua kwa zamu, raundi mbili. Ukimchagua kijana, wewe peke yako ndiye mwenye haki ya kuzungumza naye mkataba ndani ya ligi ile. Yeye hachagui mji wala kocha. Na aliyechaguliwa raundi ya kwanza mshahara wake unafuata kiwango kilichopangwa kulingana na namba yake.

Shika hilo: kijana hachagui. Nitalirudia mbele.

Dhana: timu mbovu kuliko zote ndiyo inayochagua kwanza.

Zamani ilikuwa karibu na hivyo. Tangu 1985 kuna bahati nasibu. Timu 14 zilizokosa hatua ya mtoano zinaingia, vipira 14 vyenye namba vinawekwa kwenye mashine, vinatoka vinne. Michanganyiko inayowezekana ni 1,001, mmoja unaachwa, 1,000 inagawiwa timu. Kwa utaratibu ulioanza 2019 na kutumika 2025, timu tatu mbovu zaidi zote zina nafasi sawa ya asilimia 14 kupata zamu ya kwanza, na kura inaamua zamu nne za mwanzo tu. Nyingine zote zinafuata rekodi za timu.

Mwaka 2025 Utah Jazz walishinda mechi 17 na kupoteza 65, hakuna aliyekuwa chini yao, wakaangukia zamu ya tano. Dallas Mavericks wenye nafasi ya asilimia 1.8 ndio waliopata ya kwanza, wakamchukua Cooper Flagg. Toronto yangu ilikuwa ya saba kwa ubovu. San Antonio na Dallas waliruka kutoka nyuma yetu, tukasukumwa mpaka ya tisa. Kwa hiyo kabla hujamlaumu aliyechagua, jua kwamba vipira vilikwishachagua kabla yake.

Dhana: kapelo aliyovaa jukwaani akichaguliwa ndiyo timu yake.

Hili fupi. Maluach usiku ule alivaa kapelo ya Houston Rockets, na kijiweni wapo waliokuwa tayari kumshangilia akiwa Houston. Ni wa Phoenix Suns. Zamu ile ilikuwa sehemu ya makubaliano yaliyompeleka nyota Kevin Durant kutoka Phoenix kwenda Houston, ila karatasi zilikuwa hazijakamilika, na ligi haitambui biashara mpaka ikamilike. Kobe Bryant naye alichaguliwa wa 13 na Charlotte mwaka 1996, ila akaenda kuchezea Los Angeles Lakers. Angalia zamu imekwenda kwa nani, kofia isikubabaishe.

Dhana: Hasheem alichukuliwa kwa urefu tu, na alishindwa kwa kosa lake.

Hapa nataka tukae.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alikwenda Marekani, akamalizia shule Houston, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Ni kweli ana mita 2.21. Lakini angalia msimu wake wa mwisho chuoni, 2008/09: wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira iliyokosa kapu akaidaka) 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kila mchezo. Aligawana na DeJuan Blair tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya vyuo ya Big East, akawa mlinzi bora wa ligi hiyo kwa mara ya pili, na timu yake ikafika nne bora ya vyuo vya Marekani yote. Kwenye Big East ya miaka ile warefu walijaa tele. Urefu peke yake haukupi tuzo hizo.

Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili, nyuma ya Blake Griffin. Wa tatu akawa James Harden. Wa saba Stephen Curry. Hao wawili wakaja kuwa nyota wakubwa wa ligi. Ndiyo maana mpaka leo kila orodha ya makosa ya drafti ina jina la Mtanzania. Shabiki wa Memphis akikumbuka usiku ule anaumia, na namwelewa, mimi mwenyewe nimeumia kwa kupishana nafasi moja tu. Ila husikii Minnesota wakitajwa nusu ya hapo, na wao walikuwa na zamu ya tano na ya sita, mfululizo, wakampita Curry mara mbili.

Sasa tazama alipopelekwa. Memphis tayari ilikuwa na senta, yule mrefu wa chini ya kapu, kijana anayecheza kila siku, Marc Gasol. Msimu wa kwanza Hasheem alipata wastani wa dakika 13 kwa mchezo, katika mechi 68. Alikuwa kijana anayehitaji kucheza ili ajifunze, akawekwa nyuma ya mtu ambaye baadaye, mwaka 2013, alichaguliwa mlinzi bora wa NBA nzima. Hasheem hakujipanga nyuma ya Gasol. Hakujiita namba mbili. Walioitazama orodha yao ya wachezaji wakaamua kwamba wanahitaji senta mwingine ni viongozi wa timu, watu wazima wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Sisemi alifaulu. Ndani ya misimu mitano alipita timu nne: Memphis, Houston, Portland, Oklahoma City. Alikuwa mzito wa miguu, faulo zilimmaliza mapema, na kule NBA senta asiyehama haraka anawindwa. Wastani wake wa jumla ni pointi 2.2. Hayo ni maandishi, hayafutiki. Ninachokataa ni kumbebesha kijana mmoja hesabu ya kina Harden na Curry ambao hakuwahi kuulizwa kama wapitwe.

Dhana: aliyechaguliwa namba za mwanzo ndiye mchezaji mkubwa.

Gasol yule aliyemweka benchi Hasheem, kijana wa namba mbili, unajua alichaguliwa wa ngapi? Wa 48, mwaka 2007. Na mwaka 2019 alikuwa senta wa Toronto Raptors tulipochukua ubingwa.

Ile timu ya 2019 ndiyo iliyonifanya niwe shabiki, kwa sababu ya Pascal Siakam wa Kameruni na Serge Ibaka wa Kongo, na kwa sababu rais wa timu alikuwa Masai Ujiri, Mnigeria. Isome kwa namba walizochaguliwa: Kawhi Leonard 15. Kyle Lowry 24. Ibaka 24. Siakam 27. Danny Green 46. Norman Powell 46. Gasol 48. Fred VanVleet hakuchaguliwa kabisa, raundi mbili zilipita jina lake halijasomwa. Hakukuwa na mchezaji hata mmoja katika kikosi kile aliyetoka kwenye zile zamu 14 za bahati nasibu. Hakuna bingwa mwingine aliyewahi kufanya hivyo kabla yao. Na huyo Danny Green alitoka drafti ileile ya 2009, nafasi 44 nyuma ya Hasheem. Amevaa pete tatu za ubingwa.

Kwetu huku mtu akitaka kujua ubora wa korosho hakisii. Anachota sampuli kwenye gunia, anakata punje kwa kisu, anaona ndani: hii nyeupe safi, hii ina madoa, hii imesinyaa. Ndipo inawekwa daraja la kwanza au la pili. Maskauti, yaani wasaka vipaji, wanapima urefu, mikono, mwendo, wanaongea na makocha, wanatazama mikanda usiku kucha, lakini kijana wa miaka 19 huwezi kumkata ukaona ndani. Namba anayopewa ni makisio ya siku ile. Na huko shambani pia, mche ukishapandwa unasubiri kama miaka mitatu ndipo uanze kuonyesha maua. Nimewahi kumwona mtu Tandahimba anang'oa mche wa mwaka wa pili kwa sababu haujazaa? Sijawahi.

Dhana: akishushwa ligi ndogo, kwisha habari yake.

Februari 2010 Memphis walimpeleka Hasheem kwa Dakota Wizards, kwenye ligi ya maendeleo. Hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kupelekwa huko kabla, na magazeti yakaiandika kama fedheha. Hapa kwetu tulisoma, tukainamisha vichwa.

Miaka saba baadaye Toronto wakamshusha Siakam katika msimu wake wa kwanza, akachezea Raptors 905 kwenye ligi hiyohiyo, pamoja na VanVleet. Wakachukua ubingwa wa huko 2017 na Siakam akawa mchezaji bora wa fainali. Miaka miwili mbele, wote wawili walikuwa mabingwa wa NBA. Siku hizi inaitwa G League na kushushwa ni kazi ya kawaida, sehemu ya kupata dakika. Hasheem alipelekwa kabla watu hawajazoea, na jina la adhabu likamganda.

Dhana: Hasheem alitufungia mlango.

Hii ndiyo ya mpwa wangu, na ndiyo inayonikera kuliko zote.

Mwaka 2014, miaka mitano baada ya Hasheem, Joel Embiid wa Kameruni alichaguliwa wa tatu, akiwa majeruhi, kikapu amekianza ujanani. Akakosa misimu miwili mizima. Mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa NBA. Siakam akachaguliwa 2016. NBA wakafungua kituo cha kulea vijana Saly, Senegal, na Maluach ni zao la hapo. Mlango uliofungwa haupitishi watu wote hao. Ukweli ni kwamba skauti haangalii pasipoti ya mtu wa zamani. Anakwenda penye uwanja, kocha na mechi za kutosha kumwona kijana mara 20, si mara moja. Hicho ndicho tunachokosa. Mtwara kijana anaweza kumaliza sekondari hajawahi kucheza mechi yenye waamuzi wawili na saa inayohesabu. Hapo hasira ina kazi ya kufanya, na haina uhusiano na mtu aliyeondoka Dar es Salaam akiwa bado mtoto.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote pale uwanjani, mpira ukiwa katikati ya miguu yetu, umekwisha vipele umebaki laini kama ubuyu. Alisikiliza. Akaniuliza, "Sasa wewe mjomba mbona umemkasirikia yule wa South Carolina?"

Nilikuwa nimemkasirikia kweli, kijana wa miaka 20 aliyeitwa jina lake akapanda jukwaani kuvaa kapelo. Hakuwa ameniomba Maluach. Mkataba wa raundi ya kwanza una miaka miwili ya uhakika, ya tatu na ya nne timu inaamua. Nimempa hiyo minne. Maluach nitamtazama akiwa Phoenix, na siku timu hizo mbili zikikutana nitakesha tena, na safari hii mpwa wangu amesema atakuja na bando lake.