Tepu mwisho: wayaringi ya gari iliyobadilishwa injini

Wiki iliopita kaja kijana hapa gereji na Mark II yake chesisi GX100, imetolewa injini yake ya 1G imetiwa 1JZ-GE ya lita 2.5, injini nzima wallahi, haina moshi haina mlio, lakini akishika njia ya Bububu usiku, taa zimewaka na feni imeanza kuzunguka, gari inakata, injini inazimika. Keshabadilisha pampu ya mafuta, keshabadilisha koili, na fundi wa pahala pengine kamwambia kontroli boksi (ile kompyuta ya injini) imekufa atafute nyengine Dar. Nafungua boneti nakuta waya zote zimevishwa tepu nyeusi mpya inang'aa, ukitizama kwa mbali unasema hii kazi safi.

Tepu ile ndo ilonitia wasiwasi. Watu wengi wanadhani kupanga waya ni kuzifunga zisionekane, mie naamini ni kuondoa, kuhakikisha, kupitisha njia nzuri, na tepu inakuja mwisho kabisa.

Basi kabla sijagusa kitu nikachukua mita, nikaiweka volti za DC, ncha moja kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri (sio kwenye klemu), ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, nikamwambia piga stata. Mita ikasoma 1.3. Hapo inatakiwa 0.2 au chini yake, ikifika nusu volti ujue una tatizo, na huyu kapita mara mbili na zaidi. Nikaingia chini kutafuta ule mkanda wa waya wa kusuka unaotoka injini kwenda bodi, haupo. Ulifunguliwa siku injini ya zamani inatolewa na hakuna alieukumbuka kuurudisha.

Sasa fikiria kinachotokea. Alteneta, ile inayozalisha umeme wa gari, imekaa kwenye injini, kwa hiyo umeme wote wa taa na feni lazima urudi kwenye injini ndo umalize safari yake, na kama mkanda haupo utarudi kwa njia yoyote utakayoipata, yaani zile waya nyembamba nyeupe zenye mstari mweusi, ambazo kwenye Toyota ndo ethi, yaani njia ya umeme kurudia. Zinapata moto, na kontroli boksi ambayo ethi yake inafungwa kwenye injini inaanza kuona volti zisizokuwa zenyewe. Mchana taa zimezimwa gari inakwenda, usiku inakata. Boksi halina kosa lolote.

Nikatoa hasi ya betri nikaanza kubandua tepu, na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri wenzangu wa huku visiwani. Tepu ya plastiki ya kawaida kwenye joto la injini gundi yake inayeyuka inakuwa kama asali, inashika vumbi na chumvi, na maji yakishaingia ndani hayatoki. Sisi tuna hewa ya bahari kila upande, gari za kukodisha wageni zinalala Nungwi na Paje hatua chache kutoka ufukweni. Nilipofika kwenye kiungo kimoja cha waya wa pampu nikakuta waya umekunjwa tu kwa mkono na kuvishwa tepu, nikauvuta kidogo ukatoka unga wa kijani. Nikachuna ganda la waya sentimita mbili, kijani. Nikachuna nyengine mbili, bado kijani. Chumvi inapanda ndani ya waya kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, kwa hiyo usikate pale pale palipooza, kata mpaka uone shaba inang'aa.

Na mita ikikupigia mlio kwamba waya umekamata usiamini haraka. Waya uliobakia nyuzi moja nzima utapiga mlio vile vile. Mie natumia balbu ya breki ya wati 21, inavuta karibu ampea 1.75, nachomoa waya pande zote mbili nauwashia balbu kupitia waya huo, ikiwaka hafifu waya huo natupa. Usifanye hivyo kwa waya ambao bado umechomekwa kwenye kontroli boksi, utaiua kweli.

Kuondoa waya zilokufa ndo kazi inayokula muda. Zile za injini ya zamani ambazo hazina kazi tena usizikate juu juu ukaziacha, zifuate mpaka mwisho wake kwenye soketi utoe na pini yake. Lakini kuwa na mchoro mbele yako, usikate kwa kukisia. Gari ya gea otomatiki ikigeuzwa manyuo, kwa mfano, umeme wa kuwasha stata ulikuwa unapita kwenye swichi ya P na N, ukiukata bila kuunganisha stata haitalia. Na kwenye soketi ya boksi usichanganye ethi: pini za E1, E01 na E02 zinakwenda kwenye injini, ila E2 ni ethi ya sensa peke yao, inarudi kwenye boksi tu. Nimeona mtu kaibana E2 kwenye bodi ati aongeze ethi, sensa zote zikaanza kusema uongo. Waya wa sensa ya kranki una wavu wa chuma kuuzunguka, wavu huo unafungwa ethi upande mmoja tu.

Viungo vipya nabana kwa koleo lenyewe la kubania, kisha mpira wa kusinyaa kwa moto ule wenye gundi ndani. Risasi ya kuchomea waya situmii pahala penye mtetemo, inafanya waya uwe mgumu na unakatika pembeni ya risasi. Juu yake tepu ya kitambaa, halafu bomba la plastiki lenye mikunjo.

Njia ya kupitisha: mbali na ekzosi, mbali na feni, na pale waya zinapotoka kwenye injini kuja kwenye bodi acha mzunguko uliolegea, mana injini inacheza kwenye maunti zake, ile mipira inayoishikilia. Pale zinapopenya kuingia ndani rudisha ule mpira wake, na waya ushuke kidogo kabla ya kuingia, maji ya masika yadondoke nje yasifuate waya mpaka kwenye boksi.

Mkanda mpya nikautengeneza kwa waya mnene, nikakwangua rangi ya bodi mpaka chuma cheupe, nikakaza bolti nikapaka grisi juu. Nimetoa waya zilokufa karibu kilo moja kwenye gari moja. Kabla ya tepu tukapiga stata tena, mita ikasoma 0.12, tukawasha taa zote na feni gari ikiwa imesimama, nusu saa nzima, nikishika waya moja moja kwa mkono kutafuta yenye moto. Haikuwepo. Ndo nikafungua roli la tepu.

Kijana karudi Jumamosi baada ya kwenda Mkokotoni na kurudi usiku, nimempimia tena, bado 0.12.