Traiki ya umeme: pima betri kabla ya kuagiza mota

Maombi ya kubadili traiki (ndege nyepesi yenye bawa la kitambaa na kigari cha magurudumu matatu) za petroli ziwe za umeme yanazidi, na mengi yanaanza kwa kunukuu Part 103, inayoruhusu ndege nyepesi sana kuruka bila kuandikishwa. Kanuni hiyo ni ya Marekani. Hapa traiki huandikishwa, kwa namba inayoanza na 5H kwa Tanzania na 5Y kwa Kenya, na kubadili injini kunahitaji idhini kabla bolti ya kwanza haijafunguliwa. Hata huko Marekani, betri huhesabiwa ndani ya kikomo cha uzito mtupu cha ratili 254 (kilo 115), wakati petroli haihesabiwi. Wanaoinukuu huruka kipengele hicho.

Traiki nyepesi ya mtu mmoja hula kama kilowati 10 ikiruka usawa, na kama 20 ikipaa. Chukua betri ya kilowati-saa 5, yenye kilo 30 hivi. Asilimia 20 ya mwisho usiiguse, zinabaki 4. Dakika tatu za kupaa zinakula 1. Kilowati-saa tatu zilizobaki ni dakika 18 za kuruka usawa. Toa akiba ya dakika 10, unabaki na 8. Muuzaji anayeahidi saa nzima aulizwe betri yake ina kilo ngapi.

Ile asilimia 20 haiachwi kwa ajili ya kulinda seli tu. Betri inapokaribia kuisha, volti hushuka pale mota inapodai nguvu nyingi, kwa hiyo ukighairi kutua na kutaka kupaa tena, nguvu haipatikani. Kibaya zaidi ni mfumo wa kusimamia betri ulionunuliwa kwa ajili ya pikipiki: seli moja ikishuka chini ya kiwango, unakata umeme wote. Angani unatakiwa utoe onyo na kupunguza nguvu, usizime mota.

Mota isiyo na mkanda, inayozungusha propela moja kwa moja, ni nzito kidogo lakini ina vitu vichache vya kuharibika. Ya mkanda ni nyepesi. Mkanda ukilegea huteleza na kupata joto. Seli 24 mfululizo zikijaa hufika volti 100.8, hivyo fyuzi iwe ya umeme wa mkondo mnyoofu. Fyuzi ya nyumbani huendelea kutoa cheche hata ikishaungua.

Kuhusu kuagiza, kwa kuwa hapa ndipo mizigo inapokwama: betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake ni UN 3480, namba yake kwenye orodha ya bidhaa hatari. Tangu Aprili 2016 hazipandi ndege ya abiria kama mzigo. Kwenye ndege ya mizigo chaji isizidi asilimia 30, na kifurushi kisizidi kilo 35 za betri. Mtengenezaji atoe muhtasari wa jaribio la usalama wa betri la UN 38.3, na msafirishaji ajaze tamko la bidhaa hatari. Kuandika “vipuri” si ujanja. Mzigo huzuiwa, na aliyeutuma ndiye anayewajibika kisheria. Betri iliyoungwa gereji kwa seli za mitumba haina muhtasari huo, na haipakiwi.